Boti inalala upande ikikolea mwendo: usikimbilie mchanga

Boti ikilala kulia, tia mzigo kushoto. Hii ndiyo dhana ninayokutana nayo kila msimu hapa Mtwapa. Mtu anakuja na boti yake ya mbio, viroba viwili vya mchanga vimeshindiliwa ubavuni, na bado inalala.

Kabla ya kubeba chochote, jiulize inalala wakati gani. Iache gatini, maji shwari, watu wote wameshuka. Ikilala hapo hapo, shida ni uzito: betri, vifaa, tangi la ubavuni. Lita 100 za petroli ni kama kilo 74, sawa na abiria mzima asiyehama kiti. Ikikaa sawa gatini na kulala tu ikishapanda juu ya maji, mchanga hauna kazi. Tazama upepo, propela na tumbo la boti.

Upepo ndio unaowachanganya wengi. Watu hudhani utaisukuma boti ilalie demani, kule upepo unakoelekea, kama unavyolaza ngalawa. Boti ya faiba yenye tumbo la V kali hufanya kinyume: hulalia joshini, kule upepo unakotoka. Upepo wa ubavuni husukuma omo, yaani pua ya boti, nahodha naye hukunja usukani kidogo kuelekea upepo unakotoka ili ashike njia. Mashine ikigeuka pamoja na usukani, msukumo wake, ulio chini kabisa majini, hupeleka tumbo upande mmoja na mabega ya boti upande wa pili. Mteja mmoja aliapa kwamba boti yake imepinda. Tulitoka naye asubuhi wakati wa kusi, ikalala kulia njia nzima. Tulipogeuza kurudi, ikalala kushoto. Boti iliyopinda haibadilishi upande kwa kugeuza njia. Dawa ya kulazwa na upepo ni vile vibati viwili vya tezini, nyuma ya boti, vinavyoendeshwa kwa swichi: shusha cha upande uliozama, maji yatauinua. Wengi hubonyeza cha upande wa pili, na boti inazidi kulala.

Propela nayo ina lake. Nyingi huzunguka mwendo wa saa ukizitazama kwa nyuma, na nguvu inayorudi huilaza boti kushoto. Ndiyo sababu mojawapo ya usukani wa boti nyingi ndogo kuwekwa kulia, uzito wa nahodha usaidie. Penye mashine mbili zinazozunguka kinyume, jambo hili halipo.

Wengine husema ongeza moto, itanyooka yenyewe. Hainyooki. Kadiri inavyokimbia ndivyo inavyotoka majini, mpaka inabaki imesimama juu ya kipande chembamba cha V. Hapo kosa dogo hukua.

Kosa lenyewe likiwa tumboni, mafundi wengi hutengeneza upande usio wake. Boti iliyokaa miezi mingi juu ya magogo yasiyolingana hubonyea karibu na tezi. Kibonyeo hicho hufanya kazi kama kibati kilichoshushwa: huinua upande wake, na boti hulalia upande wa pili. Ikilala kulia, anza kuchunguza kushoto. Laza rula ya alumini ya mita mbili chini ya tumbo, kuanzia ukingo wa tezi kwenda mbele, umulike tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya katikati, umekipata.

Pia msidanganyike kwamba boti isiyovuja haina maji. Povu lililojazwa chini ya sitaha hunyonya maji taratibu kupitia matundu ya skrubu yasiyozibwa, na lita moja ni kilo moja na ushei. Nimewahi kutoboa tundu dogo kwenye sitaha, nikaingiza waya. Upande wa kushoto ulitoka mkavu. Wa kulia ulitoka unachuruzika, unanuka kama matope ya mikoko. Hapo hakuna njia ya mkato, sitaha hufunguliwa na povu likatolewa.

Kile kipezi kidogo cha zinki juu ya propela kinasingiziwa bure. Kazi yake ni kupunguza usukani kuvuta upande mmoja, hakilazi wala hakiinui boti.

La mwisho naliomba kwa moyo wote: kulala si sawa na kuyumba. Boti ikianza kupiga ubavu huu na ule, kila pigo kubwa kuliko lililotangulia, usishindane nayo kwa usukani. Punguza moto taratibu, bila kuukata ghafla, na shusha mguu wa mashine ulioinuliwa mno. Ukifika pwani, mtu mmoja ashike usukani usicheze, wewe itikise mashine kwa mikono miwili. Ikicheza huku usukani umetulia, boti hiyo isitoke tena mpaka ulegevu huo uondolewe.