Simbilisi aliyeokolewa: kazi ya wiki tatu za kwanza

Chanzo ninachokutana nacho mara nyingi cha simbilisi kutelekezwa ni muuzaji kukosea jinsia. Anauza wawili akiapa kwamba wote ni majike, kumbe mmoja ni dume. Mimba huchukua siku 59 hadi 72, jike huingia kwenye joto tena saa chache tu baada ya kuzaa, na vidume vyake vinaweza kumpanda mama yao vikiwa na wiki tatu. Mwaka hauishi, sanduku limejaa na mwenye nyumba anatafuta wa kumgawia.

Kwa hiyo ukipokea kundi, anza na jinsia. Mkalishe mnyama kifuani pako, kiganja kimoja kikibeba makalio, asining'inie. Juu kidogo ya tundu la haja, bonyeza taratibu kwa kidole kuelekea tumboni. Kwa dume, uume huchomoza kama kijiti. Kwa jike hakuna kinachotoka, na ukitanua ngozi unaona umbo la herufi Y. Kagua hata wale ulioambiwa wameshakaguliwa. Madume yakae upande wake siku hiyohiyo, na kila jike aliyekaa na dume mhesabu kuwa ana mimba hadi siku 72 zipite. Jike anayebeba mimba ya kwanza akiwa amevuka miezi sita au saba yuko hatarini: mifupa ya nyonga huwa imekwisha kuungana, mtoto hapiti, na bila upasuaji hufa.

Wageni wasichanganywe na simbilisi wako kwa wiki mbili hadi tatu. Chumba kingine, vyombo vingine, na uwahudumie wa mwisho. Kinachojificha mara nyingi ni utitiri: mnyama anajikuna hadi vidonda, manyoya yanadondoka mgongoni, na akizidiwa hupata degedege ukimgusa tu. Daktari wa mifugo hutibu kwa dawa ya ivermectin, dozi ikipimwa kwa uzito. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiithubutu. Sungura nao wakae mbali, kwani hubeba bakteria wa Bordetella bila kuugua, na bakteria hao humletea simbilisi nimonia.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni mzani wa jikoni wa kidijitali. Mweke mnyama kwenye bakuli, pima kila asubuhi kabla ya kula, andika. Mtu mzima huwa kati ya gramu 700 na 1,200. Akipungua gramu 50 mchunguze meno, choo na hamu ya kula. Upungufu ukifika gramu 100, nenda kwa daktari bila kungoja kesho. Simbilisi huficha ugonjwa kwa ustadi, na asiyekula kwa saa 12 tayari ni dharura, kwa sababu utumbo wake unasimama.

Kuhusu chakula, wengi hujaza bakuli pumba na mahindi wakadhani wamemtendea wema. Sehemu kubwa ya mlo iwe nyasi, mbichi au kavu, zisizokatika usiku wala mchana. Meno yake yote 20 hukua maisha yote na husagwa na nyasi. Yakizidi urefu, ya chini huinama juu ya ulimi na mnyama hushindwa kumeza. Hei (nyasi kavu) ya Rhodes inayouzwa kwa wafugaji wa ng'ombe inafaa kabisa, ila inuse kwanza: yenye harufu ya ukungu irudishe.

Pili ni vitamini C. Kama binadamu, simbilisi hawezi kuitengeneza mwilini, na akiikosa kwa wiki mbili au tatu hupata kiseyeye. Hukataa kutembea, viungo huvimba, hulia akiinuliwa. Anahitaji takriban miligramu 10 kwa kilo kila siku, na 30 kama ana mimba. Gramu 25 za pilipili hoho mbichi zina kama miligramu 20, kwa hiyo kipande hicho kinamtosha mzima asiye na mimba. Usimtilie vitamini kwenye maji, huharibika upesi. Chakula cha sungura cha dukani hakiongezwi vitamini hiyo. Mbatata, vitunguu, parachichi na majani ya nyanya, hapana.

Mkumbushe daktari jambo moja: amoksilini, ampisilini na penisilini za kumeza humuua simbilisi. Huangamiza bakteria wazuri wa utumbo, wenye sumu wanabaki kutamba.

Njombe na Kivu simbilisi huishi sakafuni jikoni, kundi zima, na ingawa wanafugwa kwa nyama, hawana upweke walio nao wengi wa mjini wanaofungiwa peke yao. Uswisi sheria inakataza kumfuga mmoja. Mimi pia simtoi mmoja kwa mtu asiye na simbilisi mwingine. Wawili wapewe angalau mita moja ya mraba, sakafu isiyo ya waya maana waya huleta vidonda vya nyayo, na vijumba viwili vyenye milango miwili kila kimoja ili mnyonge asibanwe. Joto likizidi nyuzi 27, watafutie kivuli na upepo. Kama unamwoanisha jike na dume aliyehasiwa, subiri wiki sita tangu upasuaji, kwa kuwa mbegu zilizobaki bado zinaweza kumpa mimba.