Themostati inatolewa Mtwara, baridi inamkuta dereva Njombe

Juni ikiingia, madereva wanaopandisha saruji na chumvi kutoka Mtwara kwenda Songea na Njombe hurudi na lalamiko lilelile: "Fundi, hita haifanyi kazi, usiku nimeganda." Nafungua nyumba ya themostati, nakuta tupu. Nikiuliza, jibu ni moja: "Si ilitolewa? Huku kwetu joto, themostati ya nini?"

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba themostati ni kifaa cha Ulaya. Themostati haijali joto la Mtwara, inafuata joto la maji ya injini. Ndani yake kuna nta. Maji yakifika nyuzi 82 au 88 hivi, kulingana na injini, nta inatanuka na kufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, kile kipozeo cha maji mbele ya injini. Kabla ya hapo njia imefungwa makusudi ili injini ipate moto upesi. Injini nyingi zimeundwa kufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, uwe Mikindani au Makete.

Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapopiga stata. Mchana, ukikatiza Masasi na Tunduru na mzigo, geji inaweza kupanda vizuri tu, na dereva anaona mambo safi. Sasa afike Njombe usiku wa Julai, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, upepo wa baridi unaipiga rejeta, na kwenye mteremko mguu hauko kwenye mafuta. Maji yanabaki vuguvugu. Hita nayo haina moto wake: ni rejeta ndogo nyuma ya dashibodi inayopitisha maji yaleyale ya injini, na feni inapuliza hewa juu yake. Maji yakiwa vuguvugu, utapuliziwa vuguvugu, hata ukibadilisha feni mara ngapi. Wakati huohuo kompyuta ya gari inaamini injini bado ya baridi, inazidisha mafuta. Oili haipati moto wa kukausha unyevu, inageuka tope. Dereva analalamikia baridi tu, kumbe na injini inaliwa.

"Lakini gari ilikuwa inachemsha, fundi." Basi tutafute kwa nini inachemsha! Rejeta imeziba kwa sababu mmekuwa mkijaza maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), mfuniko hauhimili presha, feni imechoka, pampu ya maji imeisha, au gasketi ya silinda hedi imeondoka. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka, kisahani chake cha chini kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuonana na rejeta. Umeitoa gari lisichemshe, mlima ukikaza linachemsha zaidi.

Ukiishuku, ipime kabla ya kuitupa. Ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, washa jiko. Hapa usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, kwa hiyo mlango wake lazima uanze kuachia kabla maji hayajatokota. Ukipoa, ujifunge wenyewe. Ikishindwa, nunua yenye nyuzi joto zilezile zilizogongwa kwenye mwili wake, badilisha na mpira wake, kisha toa hewa kwenye mfumo wa maji. Wengine wanaziba rejeta kwa boksi wapate joto. Usiku watapata, kwenye mlima wa mchana wataua injini.

Jambo la hatari kuliko hita mbovu ni jiko la mkaa ndani ya kebini. "Moshi umeisha, mkaa umeiva, hauna shida." Si kweli! Mkaa ulioiva unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamshwi nayo. Nakuomba, jiko libaki nje. Vilevile usilale injini ikiunguruma na vioo vimefungwa, hasa ekzosi ikiwa inavuja.

Konyagi haipashi mwili moto. Inatanua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku unalipoteza, na bado uko kwenye usukani. Hita haili mafuta kama mnavyosema, inatumia joto ambalo lingetupwa. Na AC si ya wakati wa joto peke yake: kioo kikijaa ukungu, washa AC pamoja na hita, inakausha hewa.

Kama hita haijatengenezwa na safari ni leo, vaa nguo nyembamba mbili tatu badala ya koti moja zito, soksi kavu, kofia, na chai ya moto kwenye chupa. Blanketi miguuni kwa dereva nakataa kabisa, linaingia kwenye pedeli. Acha kioo wazi kidogo, pumzi zenu ndizo zinazoleta ukungu.

Themostati ikiwa nzima, geji iko katikati na hita bado inapuliza baridi, gusa kwa uangalifu zile hosi mbili zinazoingia kwenye ukuta kati ya injini na kebini kuelekea dashibodi. Moja ikiwa ya moto na nyingine baridi, maji hayapiti: anza na valvu ya hita, kisha kile kirejeta, huenda kimeziba.