Shilingi 500 kwa Mwezi: Ruzuku ya Uendeshaji wa Shule ya Msingi Inavyotumika

Kwenye mikutano ya wazazi Tanzania swali hili halikosekani: kama elimu ni bila malipo na serikali inaleta fedha, mbona mwalimu mkuu kila siku analia hana chaki? Tupige hesabu kwanza, lawama zisubiri.

Sehemu kubwa ya fedha za elimu ni mishahara ya walimu, na hiyo haipiti shuleni. Kila mwalimu huipata benki kwake. Kinachoingia kwenye akaunti ya shule ni ruzuku ya uendeshaji. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Gawa kwa miezi 12, unapata shilingi 500. Hata soda hainunuliki.

Kwa kiwango hicho, shule yenye watoto 800 inapata 400,000 kwa mwezi. Humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani, daftari za maandalio, mipira, kitasa cha ofisi, bati lililoezuliwa na upepo, maji na umeme. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, shilingi 200,000 kwa mwezi, huja kivyake. Wazazi wengi huichanganya na ruzuku, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Wanaoumia zaidi ni shule ndogo za pembezoni. Watoto 150 ni sawa na 75,000. Ruzuku huhesabu vichwa, lakini nauli ya kwenda benki au halmashauri haijali una wanafunzi wangapi.

Hiyo 10,000 ina historia. MMEM, mpango wa elimu ya msingi ulioanza 2002, ulipanga dola 10 kwa kila mtoto: 4 za vitabu, 6 za matumizi mengine. Wakati ule dola moja ilikuwa haijafika shilingi 1,000. Sasa imepita 2,000, ila mgawanyo ule wa nne kwa sita tumeendelea nao kwa shilingi zilezile. Sisemi hakuna wanaokula fedha za shule, wapo. Lakini mtu akiniuliza chaki imekwenda wapi, mimi huanza na thamani ya shilingi kabla ya kumshika mtu shati.

Mzazi anayetaka kufuatilia asianzie kwenye risiti. Aulize kamati ya shule idadi ya wanafunzi waliosajiliwa, azidishe kwa 500, kisha asome kiasi cha mapokezi kilichobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Namba hizo mbili zikipishana sana, hapo ndipo pa kuuliza, na wa kuulizwa huenda yuko halmashauri, si shuleni.