Nani Anapata Nafasi ya Kusema Chuoni?

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza kufundisha katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Wanafunzi hawakufika 15, wote wa sheria. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Leo darasa moja la mwaka wa kwanza linaweza kuwa na mamia ya watu: kijana wa jamii ya wafugaji kutoka Longido, binti wa Micheweni, mzaliwa wa Kariakoo, mwanafunzi kiziwi, mama anayenyonyesha, raia wa Burundi anayejifunza Kiswahili huku anafanya mitihani kwa Kiingereza. Kuwakusanya ni kazi ya udahili. Kuhakikisha kila mmoja wao anaweza kusoma, kuuliza na kupinga hoja bila hofu ni kazi yetu sisi tulio chuoni, na hiyo ndiyo mada ya makala haya.

Sisi tunaofanya kazi ya ushauri wa wanafunzi tunajua kwamba tofauti za dini, kabila au maumbile si mara nyingi zinakuwa chanzo cha ugomvi zenyewe kwa zenyewe. Malalamiko yanayofika mezani hutokana na taratibu za kila siku ambazo mtu fulani alizipanga bila kumkumbuka mwenzake.

Chukua ratiba. Mtihani ukipangwa Jumamosi asubuhi, mwanafunzi Msabato analazimika kuchagua kati ya imani yake na shahada yake. Semina ya lazima ikiwekwa Ijumaa saa saba mchana, wanafunzi Waislamu ama watakosa swala ama watakosa maksi za mahudhurio. Aliyepanga hakuwa na nia mbaya, alitazama tu kumbi zilizo wazi. Tiba yake ni kubandika rasimu ya ratiba mapema, viongozi wa madarasa waipitie na wenzao, na marekebisho yafanyike kabla haijatangazwa kuwa ya mwisho. Pale Jumamosi isipokwepeka, upo utaratibu wa kumweka mwanafunzi chini ya uangalizi mchana kutwa na kumpa mtihani uleule jua likishazama. Unahitaji msimamizi mmoja na chumba kimoja.

Kazi za makundi zinaumiza zaidi, tena kimyakimya. Mhadhiri anasema, "Jigaweni wenyewe, watu kumikumi." Dakika tano baadaye darasa limeshajigawa: waliosoma sekondari moja wako pamoja, wanaokaa hosteli moja wako pamoja, wenye kompyuta mpakato wametafutana. Waliobaki wamesimama karibu na mlango. Ni yule kiziwi, yule mama, yule mgeni, na wawili watatu wenye haya. Hao wanaunganishwa kuwa kundi la mabaki na wanajua hivyo. Kama ningepewa nafasi ya kubadili jambo moja tu muhula huu, ningeanza na hili. Mhadhiri agawe makundi mwenyewe kwa namba za usajili, abadilishe makundi kila kazi mpya, na mwenye sababu ya msingi ya kuhama aruhusiwe kuieleza. Wanafunzi watalalamika wiki ya kwanza. Ikifika wiki ya sita watakuwa wanajuana kwa majina.

Historia yetu inatufundisha nini

Vyuo vyetu havijaanza jana kujadiliana, na havijaanza jana kushindwa kusikilizana. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirejeshwa baadaye. Baada ya hapo Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa moja ya mahali penye mijadala mikali zaidi barani. Mwanahistoria Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha pale, na Yoweri Museveni wa Uganda alikuwa miongoni mwa wanafunzi walioongoza umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika. Jarida lao, Cheche, lilianza mwaka 1969 na likapigwa marufuku mwaka 1970. Mwaka uliofuata Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa kiongozi wa serikali ya wanafunzi, alifukuzwa baada ya kuuandikia uongozi wa chuo barua ya wazi.

Siandiki haya kuhukumu waliokuwapo. Nataka tuangalie maneno huenda wapi yakikosa ukumbi.

Pale Mlimani yalikwenda ukutani. Kwa miaka mingi mabango ya "Mzee Punch" yalibandikwa usiku, bila jina la mwandishi. Mwanzoni yaliwachokonoa wakubwa, na wanafunzi wengi waliyafurahia. Kisha yakawageukia wanafunzi wa kike. Aliyechorwa ukutani alidhalilishwa mbele ya chuo kizima, na wenzake walionywa wasimkaribie. Februari 1990 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, baada ya kusumbuliwa hivyo, alijitoa uhai. Wanawake waandishi wa habari na wanaharakati walilipigia kelele jambo hilo nchi nzima, na chuo kikawapiga marufuku waliojificha nyuma ya jina hilo.

Tafakari mabadiliko hayo. Maandishi yaliyotetewa kwa jina la uhuru wa kusema yaliishia kuwanyamazisha wanawake, kwa sababu mshambuliaji alificha uso na mshambuliwa alikuwa peke yake. Ukuta wa leo ni kundi la WhatsApp la darasa. Picha ya mtu inarushwa saa nne usiku, vicheko vinafuata, na kufikia asubuhi kila mtu amekwisha kuiona. Anayeongoza kundi hilo ana wajibu wa kuifuta mara moja na kumtafuta mwenye picha, amuulize hali yake kabla ya kumtafuta aliyerusha.

Hapa pana jambo ambalo watu hulichanganya. Kuficha jina si kosa kila mara. Mwanafunzi anayeombwa rushwa ya ngono ili apewe alama ana haki ya kupeleka taarifa kwa siri, kwa sababu anayemlalamikia ndiye anayeshika karatasi yake ya mtihani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja kosa hilo waziwazi. Taarifa inaweza kwenda Dawati la Jinsia la chuo, au TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba 113 bila malipo. Siri hiyo inamlinda mnyonge mbele ya chombo chenye wajibu wa kuchunguza. Bango lisilo na jina halina mchunguzi, na aliyetuhumiwa hana pa kujibu.

Ukumbi ambao kila mtu anaweza kuingia

Kuitisha mdahalo na kuweka kipaza sauti mbele hakutoshi. Mara nyingi anayekishika ni yuleyule: mwanamume, mwaka wa tatu, mzoefu wa siasa za chuo. Mwenyekiti wa mjadala anaweza kubadili hali hiyo kwa hatua chache. Aanze na ambao hawajasema. Apokee maswali kwenye vikaratasi na ayasome yeye mwenyewe kama yalivyoandikwa, yakiwemo yanayowauma wakubwa, isipokuwa yanayomtaja mtu binafsi kwa tuhuma. Hayo yaende kwenye ofisi husika. Na mwenyekiti asiwe mtu ambaye ofisi yake ndiyo inayolalamikiwa. Mkuu wa malazi hawezi kuongoza baraza la kujadili uhaba wa vyumba, ambapo wanafunzi watatu wanabebana kwenye kitanda kilichopangiwa mmoja, halafu tukategemea waseme yote.

Kwa mwanafunzi kiziwi, mjadala unaanza na taa. Mkalimani wa lugha ya alama asimame panapoangaza na karibu na msemaji, ili mwanafunzi asilazimike kuchagua amtazame nani. Kazi ya ukalimani huchosha haraka, hivyo kwa kikao kirefu wanatakiwa wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Watu wawili wakisema kwa pamoja, mkalimani anapoteza wote wawili, kwa hiyo anayekatiza wenzake anamfungia mlango mtu aliye safu ya mbele. Darasani, mhadhiri anayezungumza huku ameugeukia ubao anamnyima maneno anayesoma midomo. Na anayesema "kama mnavyoona hapa" bila kueleza kinachoonekana amemwacha asiyeona nje ya somo. Asome kwa sauti anachoandika. Mwanafunzi mwenye ualbino anahitaji kiti cha mbele na karatasi yenye maandishi makubwa, na asilazimishwe kuomba upya kila mtihani.

Suala la lugha ni gumu zaidi, nami sidhani lina jibu moja. Wanafunzi wengi wa Tanzania walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na kwenye semina ya Kiingereza wapo wanaokaa kimya muhula mzima huku vichwani mwao wana hoja nzito. Ukiwaruhusu waulize kwa Kiswahili, semina inachangamka ghafla. Lakini yule Mrundi, au mwanafunzi kutoka Nigeria, anabaki anatazama midomo ya watu. Njia ninayoipendekeza ni mwanafunzi aulize kwa lugha anayoimudu, mhadhiri arudie swali kwa Kiingereza kwa sentensi moja au mbili, kisha ajibu. Inachukua dakika zaidi. Ila dakika hizo zinampa muulizaji msamiati wa kujibia mtihani, na zinamrudisha mgeni kwenye mazungumzo. Kucheka lafudhi ya mtu, iwe ya Kingazija, ya Kisukuma au ya kigeni, kukatazwe siku ya kwanza ya muhula na mhadhiri mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mjadala usiozaa jibu huua hamu ya mjadala unaofuata. Baada ya kila baraza, muhtasari utolewe ukiwa na safu tatu: kilichoulizwa, nani atakishughulikia, na kwa tarehe gani. Kama jibu ni hapana, iandikwe hapana pamoja na sababu yake. Wanafunzi ni watu wazima, na wengi hulipokea vizuri zaidi katazo lenye maelezo kuliko ahadi ya "tunalifanyia kazi" inayosikika mwaka hadi mwaka.

Kwa wazazi na waombaji wa mwaka ujao, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwanafunzi mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wengine. Chuo, hata hivyo, hakiwezi kuandaa kisichoambiwa. Mahitaji yatajwe wakati wa kuthibitisha udahili: mkalimani, vitabu vya nukta nundu, chumba cha chini kwa mtumiaji wa kiti mwendo, muda wa nyongeza kwenye mitihani. Kitabu kimoja cha kiada kinaweza kuchukua wiki kadhaa kugeuzwa kuwa nukta nundu. Anayefika ofisini wiki ya pili ya muhula atahudumiwa, lakini wenzake watakuwa wamekwisha kufanya jaribio la kwanza.