Baada ya Upasuaji wa Utumbo, Usingoje Tumbo Liume

Tumepokea malalamiko ya wagonjwa wa Malindi na Lamu waliorudishwa bila kupimwa siku ya kolonoskopi, yaani kipimo cha kuingiza kamera kupitia njia ya haja kubwa ili kuutazama utumbo. Wana haki ya kuuliza, nasi tuna wajibu wa kueleza.

Mwenye ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa kudumu wa utumbo unaoleta vidonda, aliyekatwa kipande cha utumbo hupimwa hivyo miezi 6 hadi 12 baada ya upasuaji. Wengi husema, "Daktari, mimi nishapona, nala samaki, nala mbaazi." Hiyo si dalili ya kupona. Vidonda hurudi kimyakimya, juu kidogo ya pale utumbo ulipounganishwa, na wasiotumia dawa wengi wao huwa navyo ndani ya mwaka 1, kabla hawajasikia maumivu. Kwenye kamera huonekana vidogo, vyeupe katikati, wekundu ukivizunguka. Tunavipima kwa mizani ya Rutgeerts, yenye ngazi za i0 (hakuna kidonda) hadi i4 (hali mbaya zaidi). Kuanzia i2, tunafikiria kuongeza au kubadilisha dawa. Ukingoja maumivu, huenda utumbo ukawa umeshabana na kisu kikarudi. Anayevuta sigara yuko hatarini zaidi.

Na jamani, hili la kusema kwamba kamera "hufumua mshono" tuliache. Baada ya miezi 6 mshono umeshashikana. Utumbo kutoboka hutokea kwa nadra sana, na utaelezwa kabla hujatia sahihi.

Siku moja kabla ya kipimo, kunywa vinywaji vyepesi tu: chai ya rangi, madafu yaliyochujwa, supu iliyochujwa isiyo na mafuta. Uji ni chakula. Maziwa hapana. Ubuyu na sharbati nyekundu hapana, rangi yake hutuchanganya na damu. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma husitishwa siku 7 kabla. Dawa za kisukari na za kuzuia damu kuganda usiache bila kutuuliza. Dawa ya kusafisha tumbo hunywewa mara mbili, nusu jioni na nusu alfajiri, mpaka choo kiwe maji ya manjano yasiyo na chembe. Wa Lamu asiinywe akiwa chomboni au ndani ya basi. Alale karibu na hospitali.

Bwana mmoja alikuja amekula mahamri mawili "ya kutuliza njaa". Tulimrudisha, naye akakasirika. Lakini mtu akichomwa dawa ya usingizi, chakula kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Anayerudishwa hupangiwa tarehe mpya, na foleni ni ndefu.

Njoo na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani. Usiendeshe gari wala pikipiki kwa saa 24. Aliyepasuliwa na hajapewa tarehe, aje na karatasi yake ya kuruhusiwa kutoka wodini.