Pikapu Ikianza Kugonga: Sikiliza Kwanza, Spana Baadaye

Pikapu nyingi zinazoletwa kwenye karakana ya chuo chetu kwa sababu injini inagonga huwa zimeshabadilishiwa spea mbili tatu. Nozo mpya (kifaa kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda), maunti mpya (raba zinazoshikilia injini), pengine hata taimingi belti, na kelele iko palepale. Fundi aliyetangulia alikimbilia spana kabla hajajua kelele inatokea lini na inatoka wapi. Sehemu kubwa ya uchunguzi huo mwenye gari anaweza kuufanya mwenyewe, tena bure.

Anza na oili. Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika tano, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya kuwasha tena. Ikiwa imepanda juu ya alama na wewe hukuongeza kitu, halafu inanuka dizeli, mafuta yanavuja ndani na oili imekuwa nyepesi mno kulinda beringi, yaani vibati laini ambamo krenki (shafti kuu ya injini) huzungukia. Gari hilo lisitembee. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa njiani, zima injini pembeni mwa barabara, hata kama gereji unaiona kwa macho. Injini nyingi hunoki, yaani huharibika kabisa, katika hizo kilomita mbili za "ngoja nifike tu".

Halafu angalia kelele inakuja wakati gani. Ile ya sekunde chache asubuhi, injini ikiwa baridi, mara nyingi hutoka kwenye cheni ya taimingi. Hilux za zamani za petroli zenye injini ya 22R au 22RE zinajulikana sana kwa hili: reli za plastiki zinazoongoza cheni huvunjika, cheni inalegea na kuanza kupiga kava la mbele. Ikiachwa, hulila kava mpaka kwenye njia ya maji, na maji yakaingia kwenye oili. Badilisha cheni, reli na kikaza cheni kwa pamoja, na ukipata reli zenye mgongo wa chuma, chukua hizo. Nissan Navara zenye injini ya YD25 nazo zina historia ya cheni kuchoka.

Kelele nyepesi, kama kokoto ndani ya kopo, inayosikika kwenye resi fulani tu, aghalabu ni bati la kukinga joto la ekzosi lililolegea. Boliti moja inatosha. Kelele ikibadilika unapokanyaga klachi, acha injini. Tafuta kwenye klachi au giaboksi. Jaribio lingine ni kuvua fenibelti na kuwasha injini kwa muda usiozidi dakika moja. Kelele ikipotea, kagua alteneta, pampu ya maji na kompresa ya AC. Kwenye Hilux za dizeli za 2L, 3L na 5L, pampu ya vakyumu ya breki imefungwa nyuma ya alteneta, nayo ikichakaa hupiga kelele inayowadanganya hata mafundi wazoefu. Usiendeshe gari ukiwa umevua belti hiyo, breki zitakuwa ngumu mno.

Kazi ngumu ni kutofautisha nozo na beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), kwa kuwa zote hugonga na zote huzidi gari likibeba mzigo. Kwenye dizeli hizo za zamani, fundi hulegeza nati ya bomba la nozo, silinda moja baada ya nyingine, injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta. Kelele ikipungua, silinda imepatikana, lakini hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kusema moja kwa moja kwamba ni nozo. Beringi iliyolika nayo hutulia silinda isipochoma mafuta. Hamisha nozo hiyo kwenye silinda ya jirani, ukitumia washa (pete bapa za kuziba) mpya za shaba. Kelele ikihama nayo, nozo ni mbovu. Ikibaki ilipokuwa, tatizo liko chini, kwenye beringi au pistoni.

Jaribio hili ni marufuku kwenye Hilux za D-4D, yaani 1KD, 2KD na zile za GD zilizofuata. Humo dizeli husukumwa kwa shinikizo linaloweza kuzidi bar 1,000, nguvu ya kutoboa ngozi na kuingiza mafuta mwilini. Huko tumia mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ulinganishe marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta inaifanyia kila nozo.

Injini ya 1KD inastahili onyo lake. Washa za shaba chini ya nozo zikianza kuvuja, moshi wa mwako hupita na kuingia kwenye oili. Masizi hujikusanya kwenye chujio la pampu ya oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inakosa cha kufyonza, beringi zinaungua. Kitu cha bei ndogo kimeua injini nzima. Dalili za mapema ni taa ya oili kuchelewa kuzimika unapowasha na oili kuwa na chembe ngumu nyeusi. Ukiziona, shusha sampu usafishe chujio, ubadilishe washa na kusafisha makalio ya nozo (mahali nozo inapokaa) kwa wakati mmoja.

Ikithibitika ni beringi, usikubali kuwekewa mpya juu ya krenki ya zamani ambayo haijapimwa. Krenki itolewe, ipimwe kwa maikromita, na ikiwa imelika isagwe, kisha zifungwe beringi za saizi inayolingana na kiasi kilichosagwa, 0.25 au 0.50 mm. Omba uonyeshwe vipimo, na beringi zilizotolewa ukabidhiwe. Njia za oili zisafishwe zote, maana vumbi la chuma lililobaki humo litaanza kula beringi mpya siku ya kwanza. Oili ya mwanzo imwagwe kwenye kilomita 1,000, na chujio lake likatwe lifunguliwe: vipande vya chuma vikionekana kwenye karatasi, gari lirudi kwa fundi siku hiyohiyo.