Je, Wajua Meza ya Kugusa Hutofautishaje Kidole na Bakuli la Tom Yum?

Kuna migahawa ya Kithai ambako meza yenyewe ndiyo menyu. Unagusa picha ya chakula, inakua. Unagusa tena, oda imeshafika jikoni. Baadaye chakula kinaletwa, na palepale palipokuwa na vitufe panatua bakuli la tom yum, yaani supu ya kamba, sahani ya wali, glasi ya maji yenye barafu na viwiko vya watu wanne. Mbona meza haiagizi supu nyingine kila bakuli linapowekwa?

Wengi hudhani kioo cha kugusa kinahisi msukumo. Kingekuwa hivyo, bakuli zito lingeshinda kidole chochote. Vioo vingi vya siku hizi havijali uzito hata kidogo, vinachofuatilia ni umeme. Chini ya kioo kuna wavu wa mistari myembamba inayopitisha umeme, angavu kiasi kwamba jicho haliioni. Kila mistari miwili inapokutana pana chaji kidogo, na kompyuta ya meza hupima makutano hayo yote mara nyingi kwa sekunde. Mwili wa binadamu umejaa maji yenye chumvi, hivyo unapitisha umeme. Kidole kikifika juu ya makutano, chaji ya hapo hubadilika, na kompyuta hujua mahali hasa ulipogusa. Mhandisi Mwingereza E. A. Johnson aliueleza mfumo wa namna hii mwaka 1965, akiwafikiria waongozaji wa safari za ndege.

Bakuli la kauri halipitishi umeme, kwa hiyo kwa meza ni kama halipo. Supu iliyomo ndani ina chumvi, tena ya kutosha, maana tom yum hukolezwa kwa sosi ya samaki, lakini kauri imeitenga na kioo, na hakuna mtu aliyeishika.

Mambo huwa magumu pale tom yum inapoletwa kwa mtindo wake wa kupendeza zaidi: ndani ya chungu cha chuma chenye dohani katikati na moto chini yake, ili supu ibaki ya moto mpaka tone la mwisho. Kikiwa kimekaa peke yake, chungu hicho hakifanani sana na kidole. Lakini chukua upawa wa chuma, utumbukize ndani, uanze kuteka. Sasa umeme una njia kutoka mkononi mwako, kupitia upawa, hadi kwenye kitako cha chungu, na mbele ya meza chungu kizima kimekuwa sehemu ya mwili wako. Ndiyo maana programu ya meza huangalia pia ukubwa wa alama. Ncha ya kidole ni doa dogo la duara; alama yenye upana wa kiganja hupuuzwa. Matone ya supu yaliyomwagika nayo husumbua, kwa sababu maji yenye chumvi yakitambaa juu ya kioo huweza kusomeka kama mguso. Meza ikianza kurukaruka yenyewe, ifute kwanza kabla ya kuilaumu.

Wapo waliolikwepa tatizo hilo kabisa. Inamo, mgahawa wa vyakula vya Asia uliofunguliwa Soho, London, mwaka 2008, uliweka projekta darini. Picha hushuka juu ya meza ya kawaida, na mteja huiongoza kwa sehemu ndogo tu ya kugusa, kwa hiyo mabakuli hayana cha kuharibu. Hapo kuna jambo zuri sana: ukichagua chakula, picha yake hutua juu ya sahani tupu iliyo mbele yako, ukakiona kama kitakavyokuja.

Njia ya tatu ni kamera. Meza ambayo Microsoft waliionyesha mwaka 2007 ilikuwa na kamera chini ya kioo, zikitazama mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, uliorudishwa na vitu vilivyo juu. Meza ya aina hiyo haipuuzi glasi, bali huweza kuitambua, mradi tu kitako chake kina alama maalumu.

Lakini Bangkok kwenyewe, teknolojia iliyoshika mizizi mezani ni ya kawaida zaidi: tableti iliyowekwa pembeni, au msimbo wa QR unaousoma kwa simu. Sababu iko kwenye namna watu wanavyokula. Tazama suki, chakula kilichoipa umaarufu MK, kampuni ya migahawa ya Thailand. Katikati ya meza kuna chungu cha supu kinachochemka, na walaji huagiza visahani vidogovidogo vya mboga, uyoga, madonge madogo ya samaki aliyesagwa na vipande vya nyama, wakivipika wenyewe. Hakuna anayejua mwanzoni atakula kiasi gani. Unaagiza vitatu, unaonja, unaongeza viwili. Kumwita mhudumu kila mara kwa kisahani kimoja kunachosha pande zote mbili, na hapo skrini inafaa kwelikweli.

Sehemu ninayoiona kuwa ngumu kuliko umeme wote huo ni pilipili. Menyu nyingi za skrini huweka kitufe kimoja cha ukali kwa kila chakula, na hilo ni kosa, kwa sababu pilipili haiingii chakulani wakati uleule. Kwenye som tam, saladi ya papai bichi, pilipili na kitunguu saumu hupondwa kinuni mwanzoni kabisa. Idadi yake ni lazima ijulikane kabla mchi haujainuliwa, basi kitufe kina kazi halali. Tambi ni kinyume chake: mezani huwekwa vikopo vinne vya sukari, sosi ya samaki, siki yenye pilipili na pilipili kavu iliyosagwa, na mlaji hujikolezea mwenyewe. Kumuuliza kwenye skrini ni kumpotezea muda. Mchuzi wa kijani wa tui la nazi ni habari nyingine tena. Pilipili zake mbichi zimeshapondwa ndani ya kinyunga cha viungo, pamoja na mchaichai na vingine, na mara nyingi kinyunga hicho kimeandaliwa kabla mteja hajaingia mlangoni. Ukiona kitufe cha "bila pilipili" kwenye mchuzi wa kijani, jua kinaahidi kitu ambacho mpishi hawezi kukitoa.

Kwa mtu mwenye mzio, jambo hilohilo linakuwa la hatari. Vinyunga vingi vya Kithai hutiwa kamba waliochachushwa na kusagwa, na sosi ya samaki huingia karibu kila mahali, hata kwenye sahani ya mboga tupu. Ukigusa "bila kamba", printa ya jikoni inaweza kutoa karatasi yenye maneno hayo, na mpishi akawaondoa kamba wanaoonekana kwa macho, huku kinyunga kikibaki kilekile. Swali la kuuliza ni kama kinyunga chenyewe kina kamba, na mtu wa kuulizwa ni yule anayepika.